Wajibu Bila Madaraka: Uongozi wa Utendaji katika Shirika la Usagishaji la Taifa, Tanzania, 1967–1984

Ikisiri

Insha hii inachunguza nafasi ya uongozi wa utendaji katika Shirika la Usagishaji la Taifa, ambalo wananchi wengi walilijua kwa kifupisho chake NMC, tangu kutaifishwa kwa vinu vya nafaka mwaka 1967 hadi kufutwa kwa ruzuku ya sembe mwaka 1984. Hoja kuu ni kwamba kuanguka kwa shirika hili hakuwezi kuelezwa vya kutosha kwa kuwalaumu watu waliolisimamia, wala kwa kuilaumu sera kwa ujumla wake. Maelezo yanayoridhisha zaidi yanapatikana tukifuatilia jinsi nyenzo za maamuzi zilivyoondolewa moja baada ya nyingine mikononi mwa meneja, huku wajibu wake ukiongezeka.

1.0 Utangulizi

Maandishi kuhusu mashirika ya umma ya Tanzania yana mikondo miwili mikuu. Mkondo wa kwanza huwatupia lawama viongozi wa mashirika: uzembe, ubadhirifu, ukosefu wa ujuzi na kiburi cha ofisi. Mkondo wa pili huilaumu sera ya Ujamaa na Kujitegemea, kwamba uchumi unaoendeshwa na dola hauwezi kuzaa tija. Mikondo yote miwili ina ushahidi wake. Hata hivyo, yote miwili hulipita swali ambalo mtu yeyote aliyewahi kusimamia kiwanda cha chakula angeliuliza kwanza: meneja mkuu alikuwa na uwezo wa kuamua nini hasa?

Swali hili lina uzito wa pekee katika viwanda vya chakula. Kiwanda cha viatu kikisimama kwa mwezi mmoja, watu wataendelea kuvaa viatu vya zamani. Kinu cha unga kikisimama kwa wiki moja katika mji mkubwa, foleni huonekana, na foleni hugeuka kuwa suala la kisiasa. Kwa sababu hiyo, serikali nyingi duniani zimekuwa zikiingilia bei na ugavi wa nafaka. Jambo linalohitaji kuchunguzwa ni kiasi cha kuingilia huko, na kilichobaki mikononi mwa mtendaji baada yake.

NMC inafaa kuwa kiini cha uchunguzi huu kwa sababu mbili. Kwanza, ilikuwa mojawapo ya mashirika yaliyogusa maisha ya kila siku ya mwananchi wa mjini kupitia chakula chake kikuu. Pili, meneja wake mkuu wa kwanza alikuwa mtu yuleyule ambaye kabla ya kutaifishwa aliongoza kampuni kubwa ya usagishaji ya familia yake. Hivyo tunapata fursa adimu: ujuzi wa mtendaji ulibaki uleule, ilhali mazingira ya mamlaka yalibadilika. Tunaweza basi kutenganisha, kwa kiasi fulani, athari ya mtu na athari ya mfumo.

2.0 Usagishaji kabla ya mwaka 1967

Biashara ya usagishaji Tanganyika ilikua kutoka madukani. Wafanyabiashara wenye asili ya Bara Hindi waliofungua maduka kando ya njia za reli walinunua mpunga, mahindi na karanga kutoka kwa wakulima, wakauza nguo, chumvi na sukari. Baadhi yao walinunua mashine ndogo za kukoboa na kusaga, kisha vinu vikubwa zaidi. Familia ya Chande ilifuata njia hiyo. Jayantilal Keshavji Chande, aliyejulikana zaidi kwa jina la Andy Chande, alizaliwa Mombasa mwaka 1928 na kukulia Bukene, mji mdogo ulio kwenye reli ya Tabora kwenda Mwanza. Kutoka biashara ya Bukene, familia ilijenga hatua kwa hatua kampuni ya Chande Industries, iliyokuwa miongoni mwa kampuni kubwa za usagishaji nchini wakati wa uhuru. Ndoa yake katika familia ya Madhvani ya Uganda, wenye viwanda vya sukari vya Kakira, iliiunganisha biashara hiyo na mtandao mpana wa mtaji wa Afrika Mashariki.

Isidhaniwe kwamba wasagishaji wa wakati huo walifanya kazi katika soko huria. Kwa vipindi tofauti tangu baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ilisimamia ununuzi na bei ya mahindi. Baada ya uhuru, mwaka 1963, iliundwa Bodi ya Taifa ya Mazao ya Kilimo, ambayo ilinunua nafaka kupitia vyama vya ushirika na kuwauzia wenye vinu. Msagishaji alipokea nafaka kwa bei iliyopangwa. Hata hivyo, mambo manne yalibaki mikononi mwake: kuamua kiasi cha kusaga, kuchagua mashine na vipuri, kuajiri na kuachisha kazi, na kutafuta mkopo wa kuendeshea biashara. Faida yake ilitokana na uangalifu katika mambo madogo: kiasi cha unga kinachotoka katika kila gunia, unyevu wa nafaka, muda ambao mashine zinasimama, bei ya kuuzia pumba na uharaka wa kuzungusha fedha.

Mambo haya manne ndiyo yatakayotumika katika insha hii kama kipimo. Uongozi wa utendaji hupimwa kwa nyenzo ambazo kiongozi anaweza kuzishika, si kwa cheo kilichoandikwa mlangoni.

3.0 Kutaifishwa na kubaki kwa mtendaji

Azimio la Arusha lilitangazwa tarehe 5 Februari 1967. Katika siku zilizofuata serikali ilitaifisha mabenki, ikachukua sehemu kubwa ya hisa katika viwanda kadhaa, vikiwamo vya bia, sigara, viatu na saruji, na ikazitaifisha moja kwa moja kampuni nane za usagishaji na vyakula. Tofauti hii ina maana. Katika bia, serikali iliridhika kuwa mbia mkuu. Katika unga, ilitaka umiliki wote. Bia ilikuwa chanzo cha mapato, lakini unga ulikuwa chakula cha taifa, na Azimio liliweka wazi kwamba njia kuu za uchumi ziwe chini ya wakulima na wafanyakazi kupitia serikali yao.

Chande Industries ilikuwa miongoni mwa kampuni hizo nane. Rais Julius Nyerere alimwomba mwenye kampuni asiondoke, bali abaki kuviongoza vinu vilivyokuwa vyake, sasa vikiwa mali ya umma. Chande alikubali. Mwaka 1968 NMC iliundwa rasmi kwa sheria, naye akawa meneja mkuu wake. Ameeleza safari hii katika kitabu chake cha kumbukumbu, A Knight in Africa: Journey from Bukene.

Uamuzi wa kumwachia kazi mtaalamu aliyenyang'anywa mali unaonesha upande wa Ujamaa ambao mara nyingi husahaulika. Serikali haikuamini kwamba kinu kingejiendesha kwa itikadi. Ilijua kwamba katika nchi iliyopata uhuru ikiwa na wahitimu wachache mno wa vyuo vikuu, ujuzi wa kuendesha kiwanda ulikuwa rasilimali adimu kuliko mashine. Wakati huohuo uamuzi huo ulikuwa na dhana iliyojificha: kwamba ujuzi wa mtendaji unaweza kutenganishwa na umiliki, na kwamba aliyeendesha vinu vyake vizuri ataviendesha vya umma vizuri vilevile.

Katika miaka ya mwanzo dhana hiyo haikuwa na kasoro kubwa. Kazi ya NMC ilikuwa bado ni usagishaji. Bodi ya Taifa ya Mazao ya Kilimo iliendelea kununua nafaka; vyama vya ushirika viliendelea kuikusanya vijijini; NMC ilisaga na kuuza. Kuunganisha kampuni nane kuwa shirika moja kulimpa meneja nafasi ya kupanga upya kazi ya vinu kwa pamoja, jambo ambalo mwenye kampuni mmoja asingeliweza. Kilichobadilika zaidi ni mazingira ya utawala.

4.0 Meneja kati ya Miiko na Mwongozo

Miiko ya Uongozi iliyoambatana na Azimio ilimkataza kiongozi kuwa na hisa katika kampuni, kuwa mkurugenzi katika kampuni za watu binafsi, kupokea mishahara miwili au kumiliki nyumba za kupangisha. Maofisa wa kati na wa juu wa mashirika ya umma walihusika pia. Mishahara yao ilisimamiwa na kamati ya kudumu ya mashirika ya umma iliyoundwa mwaka huohuo wa 1967, ili kuondoa tofauti kubwa kati ya shirika moja na lingine na kati ya mashirika na serikali. Lengo lilikuwa la haki. Kwa upande wa utendaji, maana yake ilikuwa kwamba meneja hakuweza tena kumshawishi fundi mahiri wa vinu kwa mshahara mnono, wala kumtuza msimamizi aliyepunguza upotevu wa nafaka.

Waraka wa Rais Na. 1 wa mwaka 1970 ulianzisha mabaraza ya wafanyakazi katika mashirika ya umma. Mwaka uliofuata, Mwongozo wa TANU ulikemea viongozi wenye kiburi, ufujaji na uonevu, na kifungu chake cha 15 kikawa silaha ya wafanyakazi katika migomo mingi ya miaka 1971 hadi 1973. Kwa shirika lililoongozwa na mtu aliyekuwa tajiri mwenye kiwanda, na tena wa asili ya Kiasia, hali hii ilihitaji uangalifu mkubwa. Mamlaka ya meneja hayakutokana tena na umiliki. Yalitokana na kuaminiwa na Rais, na pia na uwezo wake wa kuonekana kuwa mtumishi wa umma.

Pamoja na hayo, nidhamu ya kazi na mishahara haikuwa kiini cha matatizo yaliyokuja. Vinu viliweza kusaga chini ya Miiko na chini ya Mwongozo. Mabadiliko makubwa yalitoka nje ya kiwanda.

5.0 Kutoka kinu hadi ghala la taifa

Mwaka 1973 Bodi ya Taifa ya Mazao ya Kilimo ilivunjwa na majukumu yake ya nafaka kuhamishiwa NMC. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika navyo vilivunjwa, na NMC ikatakiwa kununua mazao moja kwa moja kutoka vijijini. Katika miaka mitatu hivi, kampuni ya vinu iligeuzwa kuwa mnunuzi wa nafaka wa nchi nzima, msafirishaji, mwenye maghala, mwagizaji wa chakula kutoka nje, mtunza akiba ya njaa na muuzaji wa jumla. Haya yalitokea wakati nchi ilikuwa ikihamisha mamilioni ya watu katika vijiji vya ujamaa na wakati ukame wa 1973 na 1974 ulikuwa umepunguza mavuno.

Takwimu za ununuzi wa mahindi zinaonesha ugumu wa kazi hiyo. Katika msimu wa 1974/75 soko rasmi lilinunua takribani tani 24,000 tu. Msimu wa 1978/79 NMC ilinunua takribani tani 220,000. Kufikia 1981/82 kiasi hicho kilikuwa kimeshuka tena hadi takribani tani 89,000. Hakuna kiwanda kinachoweza kupanga kazi ya mashine, magunia, wafanyakazi na fedha kwa utulivu ikiwa malighafi inaongezeka mara tisa katika miaka minne, kisha inapungua kwa zaidi ya nusu katika miaka mitatu. Mavuno yalipokuwa mengi, maghala hayakutosha na nafaka iliharibika. Mavuno yalipopungua, vinu vilisaga mahindi ya njano yaliyoletwa kutoka ng'ambo, ambayo unga wake wananchi waliupachika jina la yanga.

Ugumu huo uliongezwa na sera ya bei moja kwa nchi nzima iliyoanza kutumika katikati ya miaka ya 1970. Mkulima wa Rukwa au Ruvuma alilipwa bei ileile aliyolipwa mkulima wa Kilosa. Kwa mtazamo wa haki, sera hii iliwainua wakulima wa pembezoni walioachwa nyuma tangu ukoloni, na mikoa ya Iringa, Mbeya, Ruvuma na Rukwa ikawa ghala la taifa. Kwa mtazamo wa utendaji, chanzo kikuu cha malighafi kilihamia mbali na walaji. Kutoka Songea au Sumbawanga hadi Dar es Salaam ni mwendo wa kilometa 1,000 hivi. Reli ya TAZARA ilipita Mbeya, lakini haikufika Songea wala Sumbawanga. Sehemu kubwa ya safari ilitegemea malori. Mafuta yalipanda bei mwaka 1973 na tena 1979, vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilimeza magari na fedha za kigeni, na vipuri vikaadimika.

Meneja wa NMC hakuweza kukataa kununua mahindi ya Sumbawanga kwa sababu ya gharama. Ununuzi ulikuwa wajibu wa kisheria na wa kisiasa. Nyenzo ya kwanza, yaani kuamua kiasi cha kusaga na mahali pa kupata malighafi, ilikuwa imetoweka.

6.0 Hesabu ya sembe

Bei ya kununulia ilipangwa na serikali kila msimu. Bei ya kuuzia ilidhibitiwa pia, hasa baada ya kuundwa kwa Tume ya Bei mwaka 1973. Kati ya bei hizo mbili ndimo mlimopaswa kutoshea gharama zote za shirika.

Tuchukue msimu wa 1983/84. Bei ya mkulima ilikuwa shilingi 2.20 kwa kilo ya mahindi. Sembe iliuzwa kwa mlaji shilingi 2.50 kwa kilo. Kwa haraka inaonekana kwamba shirika lilibaki na senti 30. Lakini kilo moja ya mahindi haitoi kilo moja ya sembe, kwa kuwa pumba na kiini huondolewa. Tukikadiria kwamba kila kilo 100 za mahindi zilitoa kilo 80 za sembe, basi kilo moja ya sembe ilihitaji kilo 1.25 za mahindi, yenye thamani ya shilingi 2.75 kijijini. Hasara ya senti 25 ilikuwapo kabla ya kulipia gunia, lori, ghala, umeme, mshahara wa msagishaji, riba ya benki na ushuru wa muuzaji wa duka. Mauzo ya pumba yalipunguza hasara hiyo kidogo, bila kuiondoa.

Hesabu hii ina funzo ambalo ripoti za ukaguzi haziwezi kulificha. Katika biashara ya kawaida, meneja anayesaga zaidi hupata zaidi, kwa sababu gharama za kudumu hugawanywa juu ya magunia mengi. Katika NMC ya mwanzoni mwa miaka ya 1980, kila gunia la ziada liliongeza deni. Kinu kilichofanya kazi kwa ufanisi kiliongeza hasara haraka kuliko kinu kilichosimama. Kipimo cha ufanisi kilikuwa kimegeuzwa juu chini, na meneja mwenye bidii hakuwa na njia ya kuthibitisha bidii yake katika vitabu vya hesabu.

Pengo hilo lilizibwa kwa ruzuku ya serikali na, kwa kiasi kikubwa, kwa mikopo ya Benki ya Taifa ya Biashara, ambayo nayo ilikuwa mali ya umma na haikuweza kumnyima fedha mnunuzi wa chakula cha taifa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 deni la NMC lilihesabiwa kwa mabilioni ya shilingi. Mkopo usioweza kukataliwa hauwezi pia kumwadibisha mkopaji. Hivyo nyenzo ya fedha haikuwa tena chombo cha uongozi: meneja hakuwa na sababu ya kuibana, na hata angeibana, asingeweza kuligusa pengo lililotengenezwa na bei.

7.0 Kiwanda cha mkate

Nyenzo ya kuchagua mashine nayo ilipita katika mikono mingine. Mfano uliojadiliwa sana ni kiwanda cha mkate cha mitambo inayojiendesha, kilichojengwa Dar es Salaam katika miaka ya 1970 kwa msaada wa Kanada, chini ya NMC. Mwanauchumi Andrew Coulson alikichambua kiwanda hicho kama mfano wa uteuzi mbaya wa teknolojia: mtambo wa gharama kubwa, wenye ajira chache, katika mji ambao tanuri ndogo zingeweza kuoka mkate uleule kwa kuajiri watu wengi zaidi na kutumia fedha kidogo za kigeni.

Uchambuzi huo unakubalika. Kwa lengo la insha hii, la kuzingatiwa ni jinsi msaada wenye masharti ulivyobadili swali. Swali la mtendaji huwa: kwa fedha hizi, ni mashine gani inayotufaa? Mashine ikija pamoja na msaada, swali huwa: je, tuipokee au tuikose? Mtendaji ambaye hana fedha za kigeni za kununua hata mikanda ya vinu vyake vya zamani ana sababu ya kupokea kiwanda kipya kizima, hata kama si hicho alichokihitaji. Matokeo yake, shirika lilipata mtambo wa kisasa huku vinu vya zamani vikingoja vipuri.

8.0 Je, viongozi hawana lawama?

Mtu anaweza kudai kwamba hoja hii inawasafisha viongozi wote. Sivyo. Uzembe, wizi wa magunia na ucheleweshaji wa malipo kwa wakulima vilikuwapo, na wakulima waliokopwa mazao yao walikuwa na haki ya kulalamika. Hesabu za shirika zilichelewa, na shirika lisilojua hesabu zake haliwezi kujitetea mbele ya serikali. Meneja ambaye hana uwezo wa kubadili bei bado ana wajibu wa kuonesha kwa tarakimu gharama ya bei hiyo. Pale ambapo viongozi walinyamaza, au walificha hasara ndani ya mikopo, walishiriki kuliangusha shirika.

Lakini lawama inayostahili ni ya aina hiyo, na ina mipaka yake. Ikiwa mtu aliyeendesha vinu kwa mafanikio chini ya umiliki binafsi, na ambaye baadaye aliaminiwa katika uongozi wa mashirika mengine ya umma, alianzisha shirika lililokuja kuzama chini ya warithi wake, ni vigumu kusema kwamba tatizo lilikuwa kukosekana kwa mtu anayejua kazi. Kubadilisha mameneja, ambako kulikuwa jibu la kawaida la serikali kwa kila upungufu, kulitibu dalili tu.

9.0 Hitimisho

Bajeti ya Juni 1984 iliondoa ruzuku ya sembe. Bei ilipanda kutoka shilingi 2.50 hadi shilingi 8 kwa kilo, na kima cha chini cha mshahara kikaongezwa kutoka shilingi 600 hadi 810 kwa mwezi ili kupunguza makali. Tofauti kati ya bei hizo mbili za sembe ndiyo picha dhahiri zaidi ya mzigo uliokuwa umefichwa ndani ya vitabu vya NMC. Vyama vya ushirika vilirudishwa, biashara ya nafaka ikafunguliwa hatua kwa hatua, na watu binafsi wakachukua sehemu kubwa ya usagishaji nchini.

Insha imeonesha kwamba nyenzo nne za mtendaji ziliondoka kwa mpangilio unaoweza kufuatiliwa: ajira na mishahara kuanzia 1967, malighafi kuanzia 1973, na kisha bei ikaifanya nyenzo ya mkopo ipoteze maana, huku uchaguzi wa mitambo ukifuata matakwa ya wafadhili. Kila hatua ilikuwa na sababu ya haki nyuma yake: usawa wa mishahara, kumlinda mkulima wa pembezoni, chakula cha bei nafuu kwa mfanyakazi. Kosa lilikuwa kuyapakia malengo yote hayo katika hesabu za kampuni ya vinu, kisha kumhukumu meneja wake kwa kipimo cha faida na hasara.

Suala hili halijapitwa na wakati. Sheria ya mwaka 2009 iliunda Bodi ya Nafaka na Mazao Mchanganyiko, iliyorithi mali za NMC, na vinu vya umma kama vile vya Arusha na Iringa vimerudi kazini. Iwapo bodi hiyo itatakiwa kununua nafaka kwa ajili ya kumnusuru mkulima, na papo hapo kuuza unga kwa ajili ya kumnusuru mlaji, basi gharama ya kila agizo la aina hiyo inapaswa kuandikwa na kulipwa kando na hesabu za kinu. Bila hivyo, mtafiti wa miaka ijayo atakuta tena meneja aliyefukuzwa kazi kwa sababu ya hasara ambayo hakuiamua.